Masizi Upande wa Dereva

Pelagia tulimzika Jumanne, Bweranyange, katika kibanja chake mwenyewe, ubavuni mwa mumewe Teofili aliyemtangulia kwa miaka zaidi ya hamsini. Nilikuwa mzee kuliko wanaume wote waliokuwepo, kwa hiyo nikapewa kiti chenye mgongo na kuambiwa nisishike jembe wala nisisimame juani. Nikakaa nikiwaangalia vijana wakifukia. Baada ya mazishi nilitaka kujiondokea taratibu, maana bodaboda aliyenileta kutoka Kayanga alikuwa bado ananisubiri barabarani, lakini Adventina, binti yao wa pekee, mwenye wajukuu sasa, akanishika mkono. "Baba Projesti, usituache leo," akasema. "Umebaki wewe tu uliyekaa nyumba moja na wazazi wangu. Kaa nasi mpaka matanga yaishe." Nilimtazama usoni nikaona paji la uso la baba yake, lilelile pana, na nikashindwa kutoa kisingizio. Nikamwambia kijana wa bodaboda aende zake. Ndani walikuwa wametandika nyasi mbichi sakafuni kama tulivyozoea, na harufu ya zile nyasi ndiyo iliyonirudisha kule nisikopenda kwenda.

Nilikaa na wazazi wake mwaka mmoja tu, mwishoni mwa miaka ya hamsini, Kyerwa, kwenye machimbo ya bati. Habari za kwetu na za wazazi wangu naziacha, hazina mkono katika jambo hili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimetoka kujifunza ufundi wa magari Bukoba, nina spana zangu saba ndani ya mfuko wa turubai na kiburi cha mtu mwenye spana sabini. Kambini vyumba vilikuwa vimejaa. Teofili, dereva wa lori kubwa la kampuni, mtu wa miaka kama thelathini na mbili, akasema, "Fundi wangu hawezi kulala bandani na kuni," akanipa chumba cha nyuma cha nyumba yake. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na dirisha dogo la ubao. Kati yangu na wao palikuwa na ukuta wa matete uliokandikwa udongo upande mmoja tu, upande wao, na udongo wenyewe ulikuwa umeanza kubanduka. Nilisikia kila walichosema. Mwanzoni niliona haya, nikawa nakohoa ili wajue niko macho, kisha tukazoeana wote. Pelagia alipika ndizi na maharage, akazifunika kwa jani la mgomba mpaka zikalainika na kushika rangi, na tulikula watatu kwenye ungo mmoja mkubwa, mimi nikipewa upande wenye mvuke zaidi kwa kuwa mgeni. Sijala tena ndizi za namna ile, na nimekula za watu wengi.

Lori lenyewe lilikuwa geni kwetu sote. Lilikuwa la dizeli, na ubavuni mwa injini lilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona hata Bukoba: turbo. Kwa asiyejua, ni feni ndogo iliyofungiwa ndani ya kombe la chuma. Moshi unaotoka kwenye injini unapitishwa humo kabla ya kwenda zake, unaizungusha feni, na feni inasukuma hewa nyingi irudi kwenye injini ili lori lipate nguvu ya kupanda na mzigo. Ikizunguka sawasawa inalia kama filimbi, na kambini watu wakaliita lori lile Filimbi. Watoto walilikimbilia njiani wakilipigia mluzi. Lakini moshi ukivuja kabla ya kuifikia turbo, feni inakosa pumzi na lori linakuwa jitu lenye pafu moja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule. Kila asubuhi Teofili akiwasha nilisikia tik-tik-tik upande wa kulia wa injini, na baada ya nusu saa, chuma kikishapata moto na kutanuka, sauti ilipotea na mtu angeapa kwamba gari limepona. Lakini halikuwa limepona. Likifika kwenye milima ya kuelekea Bugene na tani zake za bati lilitambaa, utingo akateremka na kutembea kando yake akitafuna kahawa.

Bwana Injinia, Mzungu aliyekuwa mkubwa wa karakana, alinipa kazi ile na hakunipa kifaa. Gasketi, kile kibati cha kuzibia maungio, ilikuwa imeagizwa Ulaya na ingekuja kwa meli siku ambayo meli ingependa. Nilipaka povu la sabuni kwenye maungio yote injini ikiwa baridi, nikamwomba Teofili awashe, na povu likachemka penye bolti ya tatu. Nilifungua kila kitu. Uso wa chuma ulikuwa umepinda, nikausawazisha kwa tupa siku mbili, nikiupima juu ya kioo cha dirisha nilichoazima. Nilikata gasketi kwenye debe la mafuta ya taa, tabaka tatu. Lakini bati tupu halizibi moshi wa moto ule, ndipo nikamwendea mhunzi mmoja wa huko huko, mzee wa Kinyambo ambaye baba zake walifua majembe tangu kabla ya Mjerumani, nikamwuliza mirija ya mivukuto yake ameifinyanga kwa udongo gani hata haipasuki motoni. Alinicheka kwanza. "Waitu, ndugu yangu, Mzungu ameleta gari la thamani yote hiyo, na sasa anataka udongo wangu?" Kisha akanipa udongo wa kichuguu, akanionyesha kuusaga, kuuchekecha kwa kitambaa na kuukanda na majivu. Niliupaka kati ya matabaka ya bati, nikafunga bolti kidogo kidogo kwa zamu, injini ikaachwa ingurume mpaka udongo ukaiva. Asubuhi iliyofuata hakuna tik hata moja. Filimbi ikalia. Teofili akatia gia akapanda mlima wa nyuma ya kambi na mzigo mzima, na watu wakapiga vigelegele. Bwana Injinia akanishika bega. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na Mzungu amenishika bega mbele za watu. Nasema hivyo si kwa kujitetea, nasema ili msomaji ajue kichwa changu kilikuwa wapi.

Maana jana yake, nilipokuwa chini ya gari nikikaza bolti za mwisho, nilikuwa nimeona jambo jingine. Bomba la moshi lililotoka nyuma ya turbo liliteremka chini kabisa ya miguu ya dereva, na kiungo chake kilishikwa na bolti tatu, moja ikiwa imekatika shingoni. Kiungo kilikuwa kimeachana upana wa ukucha. Mbao za sakafu juu yake, upande wa dereva, zilikuwa nyeusi kwa masizi. Nilimwonyesha Bwana Injinia. Aliinama, akatazama, akainuka akipangusa magoti. "Hiyo ni baada ya turbo," akasema kwa Kiswahili chake. "Haichukui nguvu ya gari. Ngoja bolti zije pamoja na gasketi." Nami nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu mwenzake. Alikuwa amesema kweli: uvujaji wa kabla ya turbo unaiba nguvu za lori, uvujaji wa baada yake hauibi kitu cha lori. Kuitoboa ile bolti na kuweka nyingine kungenichukua nusu siku. Nusu siku! Nimefanya kazi ya ufundi miaka arobaini na nane, nimepoteza nusu siku nyingi sana kwa soga na kwa pombe, na ile moja sikuitoa.

Kama majuma mawili baadaye nikaanza kusikia maneno ya kichwa kupitia ukuta wa matete. Ilikuwa alfajiri, Pelagia akichochea moto wa uji. "Kichwa kinaniuma tangu jana Kyaka," Teofili alisema. "Kinatwanga hapa na hapa. Na nikiwa njiani macho yanakuwa mazito kama nimelishwa kitu." Sauti ya Pelagia ikashuka. "Umekunywa?" "Pelagia, nilikuapia. Mpaka mtoto azaliwe." Alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba yao ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja, na Teofili, ambaye kweli hapo zamani aliijua pombe ya ndizi na pombe ikamjua, alikuwa amekula kiapo. "Njoo hapa nikunuse," Pelagia akasema. Nikasikia Teofili akicheka, na Pelagia naye akicheka, kisha Pelagia akasema, "Hunuki kitu ila dizeli. Basi ni umande. Umande wa milima ile unaingia kichwani." Nililala palepale nikisikiliza. Nilikuwa na masikio ya kusikia bolti ya tatu ikipumua kati ya ishirini na nne, na neno lile halikunigusa.

Siku za safari hakula. Aliusogeza ungo upande wangu. "Fundi, kula na changu upesi, mke wangu akiona kimebaki atadhani amekosea chumvi na leo hatutalala kwa amani." Alicheka, lakini midomo yake ilikuwa na rangi mbaya na mara mbili nilimwona akitapika nyuma ya migomba. Siku za Jumapili, akiwa hajaendesha, alikuwa mzima, akaimba kanisani kwa sauti ya kuudhi. Jirani walisema homa. Walimpa dawa ya homa. Hakuna aliyejiuliza ni homa gani hiyo inayoheshimu Jumapili, na kama kulikuwa na mtu mmoja Kyerwa nzima ambaye ilimpasa kujiuliza, ni mimi.

Basi Pelagia akaamua kumkinga mumewe na umande. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa kimevunjika zamani na mahali pake pamewekwa ubao wenye nafasi pande zote, na mlango wenyewe haukukaa sawa. Alikuwa na lubugo, ile nguo ya gome la mti aliyopewa na bibi yake, kubwa, nzito, ya rangi ya kahawia. Aliikata. Mwanamke wa kwetu hakati lubugo la bibi yake hivi hivi; niliona mkono wake ukisita juu ya mkasi. Aliketi kwenye nyasi na tumbo lake, akashona vipande viwili viwili vipate unene, mchana kutwa, kisha akaniita nije na nyundo. Tuliziba kila nafasi, mimi na yeye. Alinishikia vimisumari kwa midomo. Tulifanya kazi nzuri, hata mkono ukipitishwa penye kizingiti cha mlango haukusikia upepo. Teofili aliingia, akafunga mlango, akagonga kutoka ndani. "Sasa nina nyumba ya magurudumu," akasema. "Bado kitanda." Pelagia alisimama na mikono kiunoni, amefurahi kweli, na mimi nikafurahi naye. Hatukuwa tumeziba sakafu. Umande hautoki chini.

Siku ya kumi tangu tuzibe, Teofili alikufa. Pelagia alikuwa amemjazia kibuyu cha juisi ya ndizi, omuramba, tamu, ile wanayokunywa hata watoto, ampelekee mama yake Kyaka, kwa kuwa mkwe hapiti mikono mitupu. Lakini mvua ilizuia safari siku mbili, na juisi ya ndizi haingoji. Siku ya tatu ilikuwa imeshachacha. Teofili akaibeba hivyo hivyo, akasema mama mkwe ni mtu mzima, hatakasirika. Waliondoka asubuhi ya ukungu. Utingo, aliyekaa juu ya mzigo nyuma, alitusimulia kwamba baada ya kupita Bugene, mahali ambapo barabara imenyooka, lori lilianza kwenda pembeni polepole, bila breki, bila haraka, kama mtu aliyeamua kuingia shambani. Alipiga paa kwa ngumi akiita, hakujibiwa. Akaruka. Lori likaingia kwenye migomba, likateremka ukingo na kupiga jiwe, na usukani ukamvunja Teofili kifua. Kibuyu kilipasuka mapajani mwake. Waliomfikia kwanza walikuta shati lake limelowa pombe, na hawakuhitaji kuuliza zaidi.

Nilipelekwa siku ileile na Bwana Injinia kulitazama lori. Alisimama na askari barabarani, mimi nikaingia ndani ya kichwa cha gari. Mwili ulikuwa umekwisha kutolewa. Mwanga wa mchana ulipita kwenye kioo cha mbele kilichovunjika, na nikaona lubugo. Upande wa ndani haukuwa kahawia tena. Ulikuwa na masizi, mengi zaidi chini, karibu na miguu, yakipungua kwenda juu hadi usawa wa uso wa mtu aliyeketi. Nilipitisha kidole kikatoka cheusi. Nikaelewa yote kwa mara moja, kichwa, usingizi, Jumapili, nikakaa pale alipokuwa ameketi Teofili. Bwana Injinia akaniita. "Fundi! Gari lilikuwa zima?" Askari alikuwa na kalamu mkononi. Mzungu alinitazama bila kupepesa macho, na naamini mpaka leo kwamba alijua ninachokijua. Nikasema, "Lilikuwa zima, Bwana." Askari akaandika. Kisha nikang'oa lubugo kipande kwa kipande, nikakichoma kila kimoja kule kwenye migomba, nikimwambia utingo kwamba nguo iliyoguswa na kifo haifai kurudi nyumbani. Huyo naye aliitikia kwa kichwa akaona ni hekima.

Nilijiambia nimemhurumia Pelagia. Na ilikuwa kweli, kwa sehemu. Kusema kwamba moshi ndio uliomlaza Teofili kungekuwa kumwambia mwanamke mwenye mimba kwamba yeye, kwa mkasi wake na sindano yake, ndiye aliyemfungia mumewe ndani na ule moshi. Nani angeweza? Lakini sehemu nyingine ilikuwa kazi yangu, na bolti niliyoiacha, na mkono wa Mzungu begani. Juma lile lile niliitoboa ile bolti nikaweka mpya, na ilichukua muda uleule niliokadiria. Teofili akazikwa Bweranyange kama mlevi. Katekista alisali sala fupi, hakusema neno la sifa, na wanaume wakasimama mbali wakizungumzia mzigo wa bati. Pelagia aliwaambia wote kwamba hakuwa amekunywa. Walimjibu "pole" kwa namna ile ya kumnyamazisha mtu. Aliponitazama mimi, niliyelala nyuma ya ukuta wake na kusikia kiapo, niliinamisha uso.

Nilimtembelea kila Krismasi tangu nilipohama Kyerwa. Nilileta sukari, nikaleta kanga, nikamtengenezea mlango. Kila mara alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaketi mbele yangu, akanyamaza. Aliweza kunyamaza mpaka kivuli kikasogea mlangoni. Nilidhani ni majonzi, nikawa naujaza ule ukimya kwa habari za bei ya kahawa na mvua. Posa ya kwanza ya Adventina ilivunjika kwa sababu wale watu wa Muleba walisema hawachukui damu ya mlevi. Nilisikia, nikaleta sukari kilo mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mimi nilijitia hamnazo mpaka kilio chenyewe kikawa cha Pelagia.

Siku ya tatu ya matanga nilimwita Adventina nje, tukaketi kwenye kibaraza, nikamwambia. Yote: bolti, masizi, lubugo, moto wa kwenye migomba. Nilimaliza kwa kusema, "Sikutaka mama yako ajue kwamba mikono yake ilikuwamo." Hakulia. Alikuwa akichambua maharage, na hakuacha kuchambua. "Mama alijua," akasema. "Alijua tangu siku ile uliporudi bila lubugo lake. Aliniambia, mtu hachomi lubugo la bibi wa mwenzake bila kuomba, ila kama lina jambo. Alijua mikono yake ilikuwamo, Baba. Aliishi nayo. Alichokuwa akitaka ni mtu mmoja aseme mbele za watu kwamba mumewe hakuvunja kiapo. Alisema, 'Yule fundi ndiye aliyekuwa chini ya gari, mimi mwanamke hawanisikii. Ataongea. Nikimharakisha ataacha kuja.' Kila Krismasi ulipoondoka alisema, 'Bado.' Na Krismasi iliyopita alisema hivyo."

Nilimwomba ruhusa niseme mchana ule, kabla ya watu kutawanyika, naye akainua mabega yake, akasema ni juu yangu. Basi nikasimama, nikishikilia kile kiti chenye mgongo. Walikuwepo watu kama arobaini, wengi wajukuu na majirani vijana, wengine kutoka Kayanga, na wengine kutoka Mwanza kabisa, simu mkononi, wakiniheshimu kwa kunyamaza. Nilisema kwa sauti kadiri kifua changu kilivyoweza. Nilisema kwamba Teofili hakuwa amekunywa. Nilisema kwamba ulikuwa moshi wa lori, na kwamba niliuona mahali unapotoka na nikauacha, na kwamba nilimwambia askari uongo. Nilisema jina lake mara tatu. Walinisikiliza mpaka mwisho, kisha wakatazamana, na kijana mmoja aliyesimama karibu na mlango akamwinamia mwenzake akamwuliza, "Teofili ndiye nani?" Mwenzake akasema hamjui.